Meno Kumi na Manne ya Tarishi Kefa

Jumatatu, 6 Agosti 1951. Itaka.

Nimepata kazi. Bado sijapewa, lakini nimeipata.

Jana baada ya ibada Mzee Efraimu, mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima wa kahawa, alisimama mlangoni pa kanisa akatangaza kwamba chama kinatafuta tarishi. Awe anajua kusoma. Awe na baiskeli yake. Atapeleka barua za chama Tunduma na kurudi na majibu, na atapewa sare ya kaki yenye vifungo vya shaba. Kusoma najua. Baiskeli sina, lakini hilo ni jambo dogo.

Ni lazima niipate kazi hii. Dada Yunisi, ambaye nakaa kwake, amesema tena leo kwamba tarehe mosi Septemba anataka cherehani yake. Ni kweli ni yake, aliachiwa na marehemu mumewe. Lakini ni nani aliyekaa nayo barazani miaka minne akiwashonea watu? Anasema ameniangalia miaka yote minne na sasa anajua mambo yote yasiyofaa kufanywa. Atashona mwenyewe. Kutoka kwa dada wa tumbo moja!

Na mimi niende wapi? Baba mdogo ameshatuma neno kutoka Ivuna kwamba chungu changu kipo tayari. Maana yake nikachemshe chumvi. Kazi hiyo naijua. Unakwangua udongo, unauchuja kwa maji, unachemsha kutwa, moshi wote machoni mwako, na jioni unapata chumvi ya kutosha mboga ya mtu mmoja asiyependa chumvi. Siendi Ivuna. Nimeapa.

Luka, mtoto wa mama mkubwa, anarudi likizo wiki hii kutoka migodini ng'ambo ya mpaka. Kila anayerudi kutoka migodini huja na baiskeli. Mungu hamtupi mja wake.

Jumatano, 8 Agosti

Luka amefika! Amekuja na baiskeli mbili, moja juu ya nyingine! Ile yenye taa na kengele ni yake. Ya pili ameniachia mimi.

Nyembamba kama mbuzi wa kiangazi. Haina madigadi, haina keria, breki moja tu ya mbele. Ilikuwa ya Mzungu mmoja wa mgodini aliyekuwa akishindania vikombe. Nimeipenda palepale.

Haina frewili. Luka alinieleza maana yake mara tatu, nikaitika mara tatu, lakini nilielewa nilipopanda. Baiskeli ya kawaida ukichoka unatuliza miguu, gurudumu linaendelea lenyewe, wewe unatazama mashamba ya watu. Hii hapana. Gurudumu likizunguka, pedeli zinazunguka. Utake usitake, miguu inakwenda. Kupunguza mwendo unazikazia pedeli zisije mbele, kama mtu anayemzuia ng'ombe kwa mkia.

Nilishuka nayo kilima cha kanisani. Katikati nikatuliza miguu, kwa mazoea. Pedeli hazikutulia. Zikaninyanyua kitini, zikaniweka ndani ya kahawa ya mchungaji. Luka alikuja mbio akauliza kama nimeumia. Nikamwambia nilikuwa nakagua kahawa kama imeiva.

Alhamisi, 9 Agosti

Mgongo. Goti. Kiwiko. Lakini akili ni nzima, na imefanya kazi kubwa.

Gurudumu la nyuma lina gia pande zote mbili. Upande mmoja gia ndogo, meno kumi na manne. Upande wa pili kubwa zaidi, meno kumi na tisa. Mbele ni moja tu, meno hamsini na mawili. Ukitaka kubadilisha, unafungua nati mbili, unalitoa gurudumu, unaligeuza, unafunga. Luka anasema kumi na tisa ndiyo ya huku kwetu kwenye milima. Miguu inazunguka haraka lakini kila hatua ni nyepesi. Kumi na manne, anasema, ni ya uwanja tambarare na watu wenye mapaja. Kisha akayatazama mapaja yangu kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Luka ni mchimbaji. Mimi ni fundi cherehani. Habari za gurudumu kubwa kuzungusha dogo nimezikanyaga miaka minne! Mguu unashuka mara moja, sindano inashuka mara nyingi. Nani aliwahi kuomba cherehani yenye mishono michache? Nimepiga hesabu. Kwa kumi na manne, pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka karibu mara nne. Kwa kumi na tisa, hata tatu hazitimii. Nitupe mzunguko mzima bure?

Tena kuna heshima. Mtu mzima haendi barabarani miguu ikikimbia kama kuku aliyeona mwewe. Miguu ya mtu mzima huenda taratibu, mwili umetulia, kofia haitikisiki. Wenye kuona waseme, yule ni mtu wa ofisi. Kumi na manne. Nimekata shauri.

Jumapili, 12 Agosti

Kumbe nina mpinzani. Rubeni! Mpiga tarumbeta wa kanisa, mfupi, mpana, mashavu kama maandazi. Ameomba utarishi.

Baiskeli yake ni ya kuaibisha. Nyeusi, nzito, ya mjomba wake. Frewili ilikufa mwaka juzi, fundi mmoja wa Tunduma akaichomelea ikashikamana, kwa hiyo nayo haitulii. Nyuma amefunga gia kubwa kama sahani ya chai. Ninapozungusha mara moja, yeye anazungusha mara mbili. Miguu haionekani, ni upepo tu. Watoto wanamwita Cherehani, jina ambalo kama ni la mtu basi ni langu.

Leo alipopita tulicheka sote, mimi kuliko wote. Baadaye nikakumbuka kwamba alikuwa anapanda kilima, na nyuma alikuwa amempakia mkewe, na mkewe alikuwa amebeba tarumbeta. Hata hivyo mkewe ni mwepesi. Na tarumbeta ina hewa ndani.

Mzee Efraimu ameamua. Jumamosi tarehe ishirini na tano tutaanzia Tunduma asubuhi, mimi na Rubeni, kila mmoja na barua yake, tuzilete nyumbani kwake hapa Itaka, lilipo ghala la chama. Atakayetangulia ndiye tarishi. Akasema kesho atanitumia kaki nianze kushona sare, vipimo nitavipata mshindi akijulikana.

Jumatano, 15 Agosti

Luka ana saa ya mkononi. Leo alisimama barabarani akahesabu miguu yangu. Anasema mpanda baiskeli mzuri huzungusha mara themanini, hata tisini, kwa dakika. Mimi arobaini. Nikamshukuru. Akasema hakuwa ananisifu.

Shida yangu si uchache. Shida ni kwamba haiwi sawa. Nikianza na nguvu hamsini, nikichoka thelathini, na mara moja nilihesabiwa kumi na moja, hapo nilikuwa naanguka. Miguu inataka kipimo. Anayetwanga huimba, anayelima huimba, kwa nini anayekanyaga akae kimya? Nikatafuta wimbo.

Wa harusi ulikuwa na haraka mno, kwenye kiitikio miguu ilisahauliana nikaingia mtaroni. Wa mavuno ulinimaliza pumzi ubeti wa pili. Wa ubatizo ni mfupi, ukiisha bado uko palepale. Jioni nikajaribu ule tunaouimba tukimsindikiza marehemu kaburini. Maajabu! Neno moja mguu wa kulia, neno moja mguu wa kushoto, wala hauna haraka ya kufika. Luka alipima mara tatu. Arobaini kamili. Na una beti tisa!

Luka akasema, ba Kefa, kama wanavyoitana kwa heshima kule kwao kazini, miaka sita migodini sijaona mtu akifanya hivi. Bila shaka hajaona. Ndiyo maana Wazungu wanauza baiskeli zao.

Jumamosi, 18 Agosti

Kaki ni nzuri mno. Nzito, inanukia duka.

Nilikusudia kusubiri vipimo. Lakini nikajiuliza: mshindi ni nani? Ni mimi. Vipimo vyangu navijua? Navijua. Basi kusubiri nini? Nimekata. Suruali ndefu, nyembamba, mabega ya koti yamekaa sawa. Nimesimama mbele ya kioo cha Yunisi na mikono miwili tu ya koti ikiwa imeshikizwa, na nikaona tarishi.

Yunisi aliingia akauliza kama Rubeni akishinda itakuwaje, maana kaki ile ni yangu kwa urefu na kwa Rubeni ni soksi. Nikamwambia asiniletee mkosi. Akasema yeye hana haja ya kuuleta, unajua njia.

Jumanne, 21 Agosti

Luka amerudi migodini leo. Kabla ya kuondoka alinipeleka kwenye kilima kinachopanda kutoka mtoni, ambacho Jumamosi lazima tukipite. Akaniambia nipande na kumi na manne. Nimefunga miguu kwenye pedeli kwa mikanda ya ngozi, ili nguvu isipotee. Robo ya kwanza vizuri. Nusu, pedeli zikawa nzito kama kupindua jiwe la kusagia. Zaidi ya nusu kidogo, baiskeli ikasimama. Ikisimama, na miguu imefungwa, mtu hana la kufanya isipokuwa kuegemea upande mmoja na kusubiri ardhi. Nikaanguka polepole kama mgomba uliokatwa, nikipata nafasi ya kutosha ya kumuaga Luka kwa macho.

Luka akafungua nati, akageuza gurudumu, akapanda yeye na kumi na tisa mpaka juu, akipiga mluzi. Aliposhuka akaniomba, karibu kwa machozi, niache gurudumu lilivyo. Akasema gia huchaguliwa na mlima, haichaguliwi na mtu. Nikakubali, maana alikuwa mgeni anayeondoka. Alipopotea kwenye vumbi nikaligeuza tena.

Sikulala usingizi mzuri mchana. Nimeogopa, nasema kweli. Siku kumi zimebaki nikose cherehani. Lakini ukiogopa mlima unaupa kichwa.

Ijumaa, 24 Agosti. Tunduma.

Tumekuja kwa lori la mfanyabiashara mmoja, mimi, Rubeni na baiskeli zetu. Tumefikia wote wawili kwa shangazi Ketrina, ambaye nyumba yake iko karibu na mpaka kiasi kwamba kuku wake hutaga Rhodesia.

Nina mpango. Mtu mzito hapandi mlima. Nikamwita shangazi pembeni nikamwambia mwenzangu ni mgeni, ana aibu, asipolazimishwa hali. Shangazi akasimama imara. Ugali wa ulezi, maharage, kuku, tena ugali. Rubeni akala mpaka akafungua mshipi. Mimi nikanywa chai kavu, ili niwe mwepesi. Kabla ya kulala Rubeni alinishika mkono. Alisema nyumbani kwao wako tisa na hajawahi kula akabakiza, na kwamba hajui kwa nini watu wanasema mimi ni mtu wa hila.

Tumbo linanguruma. Hiyo ni sauti ya ushindi.

Jumapili, 26 Agosti. Itaka.

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Nitaandika yote kama yalivyotokea, kwa sababu mitaani wanasema mengine.

Tulianza jua likichomoza. Baridi na upepo. Nilivaa koti langu jeusi la kanisani. Rubeni akaanza tru-tru-tru kama mtu anayekoroga uji. Mimi nikaanza wimbo wangu. Ubeti wa kwanza haujaisha, hakuonekana tena.

Sikufadhaika. Barabara ikaanza kuteremka, na hapo kumi na manne ikasema kweli! Kwenye mteremko mrefu nikamkuta Rubeni, miguu yake ikizungushwa na baiskeli hata hawezi kuihesabu, mashavu yanatikisika, ameshika breki kwa mikono miwili na kuita jina la Bwana. Nikampita nimetulia. Kofia haikutikisika. Nikamwamkia kwa kichwa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile maishani mwangu, na kama ningekufa pale ningekuwa tarishi.

Kisha mto. Kisha kilima. Nilianguka mahali palepale pa Jumanne, hata alama ya kiwiko ilikuwepo. Nikiwa chini nafungua mikanda Rubeni akanipita, tru-tru-tru, mwenye nguvu za ugali wa shangazi. Akapunguza mwendo akauliza kama nimeumia. Nikamwambia aende.

Nikasukuma mpaka juu. Kutoka hapo njia ni tambarare mpaka Itaka, mashamba ya kahawa kushoto na kulia, na msimu huu watu wote wako shambani wanachuma. Nikasema hapa ndipo nitakapomkuta, nikishika arobaini zangu bila kuteleza. Nikaimba kwa sauti yote. Taratibu. Koti jeusi, kofia imetulia, macho mbele.

Mama mmoja akashusha kikapu. Akaniuliza kwa sauti naelekea wapi. Siwezi kusimama, nikisimama sianzi tena kwa urahisi, na nikisema mengi napoteza hesabu. Nikatafuta nafasi kati ya mistari miwili nikasema: "Kwa Mzee Efraimu!" Nikaendelea kuimba.

Nyuma yangu nikasikia ukelele. Nikadhani wananishangilia. Yule mama, nimeambiwa baadaye, alikuwa amejifunga kanga kiunoni. Shamba la pili wakauliza, nikajibu vilevile. Shamba la tatu hawakuuliza, waliokuwa nyuma yangu walishawaambia. Vikapu vikashuka. Wanaume wakachukua majembe. Kuna aliyejitwika kuni, kuna aliyechukua unga, kama desturi yetu inavyotaka mtu akitangulia. Mimi sikugeuka. Kwa tumbo tupu arobaini zangu zilikuwa zimeshuka hata mtu anayetembea haraka hapitwi, na kwa kweli ubeti wa saba walikuwa wakinisaidia kuimba, sauti zote nne, hata chozi likanitoka. Nikasema moyoni: hivi ndivyo watu wanavyompenda tarishi wao.

Tukaingia uani kwa Mzee Efraimu watu kama mia mbili. Wanawake wakaanguka chini wakilia. Wanaume wawili wakauliza kaburi lichimbwe wapi, wa tatu akawaonyesha mahali pazuri karibu na nyanya, wakaanza. Rubeni alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunywa togwa. Mzee Efraimu akatokea nyuma ya ghala, gunzi la mahindi mdomoni, akauliza ni nani aliyekufa.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia.

Mimi nikafungua mikanda, nikaanguka, nikampa barua.

Jumatatu, 27 Agosti

Nimeitwa mbele ya wazee. Mzee Efraimu alikuwa amevimba. Siku nzima ya kuchuma imepotea, kahawa imelala vikapuni, uani kuna shimo. Mzee mmoja wa kanisa akasema kumwimbia mtu hai wimbo wa kaburi ni kumwita mauti. Nikaeleza kuhusu mizunguko arobaini kwa dakika. Nikawachorea gia mbili chini kwa kijiti. Wakaniomba niweke kijiti chini.

Hukumu. Moja, tarishi ni Rubeni. Mbili, nimchinje mbuzi wangu, na ni mmoja tu ninaye, watu wote waliolia wale, ili neno la msiba liondoke katika boma lile. Tatu, miezi mitatu siimbi kwaya.

Niliposikia la kwanza sikusikia mengine. Niliona chungu cha Ivuna kinafuka. Nikatoka nje nikalia nyuma ya ghala, na sioni aibu kuandika, daftari hili ni langu.

Mzee Efraimu akanikuta huko. Akakaa chini, mwenyekiti mzima, kwenye magunia. Akasema juzi kati ya watu waliokuja alikuwepo Nathanaeli, ndugu yake, ambaye kwa ajili ya mpaka wa shamba hawajasalimiana miaka sita. Nathanaeli alikuja mbio na jembe, amekosa kiatu kimoja, analia kwa sauti. Alipomwona Efraimu na gunzi lake alimkumbatia, kisha akampiga konde, kisha akamkumbatia tena. Usiku wamekula sahani moja. Mzee akasema si kila mtu hupewa kuuona msiba wake, na wake ulikuwa mkubwa kuliko alivyotarajia. Alikuwa ameandika moyoni nani hakuja.

Kisha akasema iko njia nyingine. Wakulima wa Ikinga, kule milima ya Ileje, wanataka kuandikiana na chama chetu, na hakuna anayekubali kupanda kule. Nijaribu safari moja. Nikiifanya vizuri, nitakuwa tarishi wa pili. Masharti ni mawili: nitumie kumi na tisa, na nifunge mdomo.

Nikambusu mkono. Nikaapa yote mawili.

Alhamisi, 30 Agosti

Sare imemshinda Rubeni, kama nilivyotarajia. Suruali ilimfunika vidole na kugoma kwenye paja. Nikamshauri apungue. Yunisi akanisukuma kando, akakaa kwenye cherehani, akakata urefu wa chini, akapachika vipande ubavuni, kama michirizi ya askari. Kwa saa tatu! Imemkaa Rubeni kama amezaliwa nayo. Watu watano wameshaleta vitambaa vyao, wote wanamtaka Yunisi.

Nimewaambia nilimfundisha mwenyewe. Yunisi akasema ni kweli.

Jumatatu, 3 Septemba

Leo jioni mchungaji alipita akatazama baiskeli yangu. Akauliza kama nimelielewa kosa langu. Nikasema nimelielewa vizuri sana. Akafurahi, akaniombea. Hakuuliza ni lipi.

Kosa lilikuwa wimbo. Gia haikuwa na hatia. Nani aliyempita nani kwenye mteremko? Hilo hakuna mzee aliyeliuliza.

Jumamosi, 8 Septemba. Njiani kwenda Ikinga.

Nimekaa kwenye jiwe chini ya mlima. Nina nafasi ya kuandika.

Niliondoka Jumanne asubuhi. Mzee Efraimu mwenyewe alikagua gurudumu, akahesabu meno kwa kidole, kumi na tisa, akaridhika, akanipa barua. Nikaondoka miguu ikizunguka ovyo mbele ya macho ya watu. Wasichana wa kisimani wakacheka. Nilivumilia mpaka kona ya kwanza. Kiapo ni kiapo, na niliapa kutumia kumi na tisa. Nimeitumia. Baada ya kona nikafungua nati mbili.

Ileje ina milima mingi kuliko nilivyoambiwa. Ukimaliza mmoja unaonyeshwa mwingine. Kwa hiyo nimebuni mwendo mpya: mlimani nasukuma, mteremkoni nasukuma pia, maana mvuto ni mkubwa na breki ya Mzungu imekwisha tangu Alhamisi. Tambarare napanda. Tambarare zimekuwa mbili. Mama mmoja mwenye maboga kichwani alinipita jana akienda sokoni na leo amenipita akirudi. Aliniuliza kama baiskeli ni mgonjwa.

Sikuimba hata mara moja. Nahesabu tu, kimya, na kuandika.

Saa tisa nikasikia tru-tru-tru. Rubeni! Katika sare yake, vifungo vinang'aa, jasho linamtiririka, miguu haionekani. Aliondoka Itaka jana. Akasema Mzee Efraimu amemtuma kuichukua barua ile, kwa sababu watu wa Ikinga wameshatuma mtu kwa miguu kuuliza iko wapi, na mtu huyo amekwisha fika Itaka na kulala. Akasema pia, akitazama chini, kwamba Mzee amesema nisijihangaishe kurudi haraka. Nikampa barua. Akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia napumzisha baiskeli. Akapanda mlima bila kushuka, nikamsikia mpaka juu.

Maskini Rubeni! Nilimhurumia kwa moyo wote. Kila siku ya Mungu, miguu ile ikikimbia bila faida, maelfu kwa maelfu. Atazeeka kabla ya watoto wake. Mimi leo, tangu asubuhi mpaka saa hii, nimezungusha pedeli mara mia mbili na kumi na mbili tu. Hata aishi miaka mia, Rubeni hatafika hapo.